Chumvi, Sukari na Miteremko ya Seli

Mwalimu wa sayansi adondoshapo tone moja la wino katika bilauri ya maji yaliyotulia, wanafunzi huona jambo lisilohitaji mkono wa mtu. Wino huanza kutanda. Hutoka mahali ulipo mwingi ukaenda mahali ulipo haba, na baada ya muda maji yote huwa na rangi moja. Hakuna aliyepata kuona kinyume chake, yaani wino uliokwisha kuenea ukijikusanya wenyewe na kurudi kuwa tone. Jambo hilo dogo ndilo msingi wa kupumua, wa kuhisi na wa kusharabu chakula. Ndilo pia linaloeleza kwa nini lita moja ya maji yenye chumvi kidogo na sukari kidogo huweza kumwokoa mtoto aliyedhoofika kwa kuharisha, ilhali maji matupu, au maji yenye sukari nyingi, huweza kushindwa.

Mteremko ni nini?

Kitu kinapokuwa kingi mahali pamoja na haba mahali pengine, tofauti hiyo huitwa mteremko. Jina hili limetokana na mfano wa mlima: maji hufuata mkondo, nayo hushuka bila kusukumwa. Tofauti ikiwa ni ya wingi wa kitu kilichoyeyuka katika maji, huitwa mteremko wa ukolezi. Ikiwa ni ya shinikizo la hewa, huitwa mteremko wa shinikizo. Na ikiwa ni ya chaji za umeme, huitwa mteremko wa umeme.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa kuhusu kila mteremko. La kwanza ni kwamba molekuli hazina nia wala hazijui njia. Kila moja huenda ovyo, ikigongwa huku na huku. Lakini pale zilipo nyingi, zinazoondoka ni nyingi kuliko zinazoingia, na hivyo jumla ya mwendo huelekea upande wenye uhaba. Mwendo huo huitwa mtawanyiko. Mtawanyiko ni wa haraka sana katika umbali mdogo na wa polepole mno katika umbali mkubwa: umbali ukiongezeka mara 10, muda huongezeka mara 100. Ndiyo sababu mwili wa mwanadamu umejaa mishipa midogo ya damu, hata ni seli chache mno zilizo mbali na mshipa.

La pili ni kwamba mteremko ni akiba ya kazi. Katika bwawa la Kidatu, maji ya Mto Ruaha Mkuu huzuiwa juu, kisha huachiwa yashuke na kuzungusha mitambo ya umeme. Kama maji yangekuwa na kimo kimoja mbele na nyuma ya ukuta, mitambo isingezunguka hata kidogo, hata kama bwawa lingekuwa kubwa kama bahari. Nguvu ya bwawa hutokana na tofauti ya vimo. Seli nayo, ambayo ndiyo chembe hai iliyo msingi wa mwili, huishi kwa mabwawa ya namna hiyo.

Pumzi na mlima

Mfano ulio rahisi zaidi mwilini ni mapafu. Katika vifuko vya hewa vya mapafu, shinikizo la oksijeni ni kiasi cha milimita 100 za zebaki. Damu inayofika hapo kutoka mwilini ina shinikizo la oksijeni la kiasi cha milimita 40 tu. Basi oksijeni hushuka kutoka katika vifuko na kuingia katika damu. Gesi ya kaboni dayoksaidi hufuata njia iliyo kinyume, kwa kuwa shinikizo lake katika damu hiyo ni kiasi cha milimita 46, na katika vifuko ni 40. Hakuna popote mwilini pampu ya kusukuma oksijeni ipite ukuta wa mapafu. Kazi ya kifua ni kuleta hewa mpya, na kazi ya moyo ni kuleta damu iliyopungukiwa na oksijeni. Vyote viwili hulinda mteremko usije ukasawazika.

Mtu apandaye Mlima Kilimanjaro hujifunza somo hili kwa taabu. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hewa bado ina oksijeni asilimia 21 kama ilivyo Dar es Salaam au Mombasa. Lakini shinikizo la hewa yote huko ni takriban nusu ya lile la pwani. Mteremko wa oksijeni kutoka hewani hadi katika damu hupungua sana, na mpandaji huhema baada ya hatua chache tu.

Mteremko unaolipiwa gharama

Miteremko ya mapafu hutokana na hewa iliyopo nje. Iko miteremko mingine ambayo seli hujitengenezea yenyewe kwa kutumia chakula. Mkubwa kati ya hiyo ni ule wa sodiamu, ambayo ni sehemu moja ya chumvi ya kupikia. Katika maji yanayozunguka seli za mwili, sodiamu ni kiasi cha milimoli 140 kwa kila lita. Ndani ya seli ni kiasi cha milimoli 10 hadi 15 tu. Kwa potasiamu hali ni kinyume: nje ni milimoli 4 au 5 hivi, na ndani ni karibu 140.

Tofauti hizi haziwezi kudumu zenyewe, kwa sababu utando wa seli huvuja. Ioni za sodiamu huingia na ioni za potasiamu hutoka kila mara. Ni lazima basi pawepo kitu kinachozirudisha, kama vile mvuvi anayekumba maji katika ngalawa yenye tundu. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Denmark, Jens Skou, akichunguza neva za miguu ya kaa katika Chuo Kikuu cha Aarhus, alieleza kimeng'enya kilichomo katika utando wa seli ambacho hufanya kazi hiyo. Leo chajulikana kuwa pampu ya sodiamu na potasiamu. Kila mzunguko mmoja, pampu hii hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza ndani ioni 2 za potasiamu, nayo hutumia molekuli moja ya adenosini trifosfati, ifupishwayo ATP, ambayo ni kama sarafu ya nishati ya seli. Skou alitunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997, miaka 40 baada ya kazi yake.

Gharama ya pampu hizi si ndogo. Yakadiriwa kuwa kiasi cha robo hivi ya nishati anayoitumia mtu aliyepumzika hulipia kazi hiyo, na katika ubongo sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Mtu aliyelala usingizi, asiyeinua hata kidole, angali anatumia chakula chake kukumba sodiamu.

Malipo yake ni mengi. Kwa kuwa ioni zina chaji, ndani ya neva huwa hasi kuliko nje kwa kiasi cha milivolti 70. Milivolti 70 huonekana kuwa kidogo, lakini utando wenyewe una unene wa takriban nanomita 7. Hesabu fupi huonyesha kuwa msukumo wa umeme katika utando huo ni sawa na volti 100,000 kwa kila sentimita. Mtu akikanyaga mwiba, vinjia vya sodiamu katika neva hufunguka, sodiamu hushuka mteremko wake na kuingia ndani, na habari husafiri hadi ubongoni kabla hajauona mwiba wenyewe.

ATP inayoendesha pampu nayo hutokana na mteremko mwingine. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alitoa rai kwamba mitokondria, ambazo ni matanuri madogo ya seli, hutumia nishati ya chakula kusukuma ioni za haidrojeni upande mmoja wa utando wao. Ioni hizo zinaporudi kwa kushuka, hutengeneza ATP, kama maji ya bwawa yatengenezavyo umeme. Rai hiyo ilipingwa kwa miaka mingi, kisha majaribio yakaithibitisha, na mwaka 1978 Mitchell akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ndoo mbili katika kapi moja

Katika utumbo mwembamba, mteremko wa sodiamu hufanya kazi ya ajabu. Chakula kikisha kusagwa, wanga hugeuka kuwa sukari ndogo, hasa glukosi. Mwili hauna budi kuichukua glukosi yote, hata pale inapokuwa imebaki haba katika utumbo na ni nyingi zaidi ndani ya seli. Yaani glukosi hutakiwa ipande mlima. Ni nani anayeipandisha?

Jibu lilitolewa na Robert Crane, mwanabiokemia wa Marekani, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague mwezi Agosti mwaka 1960. Alieleza kwamba glukosi na sodiamu huingia katika seli za utumbo pamoja, zikichukuliwa na mchukuzi mmoja. Mfano wake ni ndoo mbili zilizofungwa katika ncha za kamba moja ipitayo juu ya kapi kisimani: ndoo nzito ikishuka, ndoo nyepesi hupanda. Sodiamu hushuka mteremko wake na kuingia katika seli. Katika kushuka kwake huivuta glukosi ipande. Mchukuzi huyo, ambaye ni protini iliyomo katika utando, hubeba ioni 2 za sodiamu kwa kila molekuli 1 ya glukosi. Ikikosekana moja kati ya hizo, hachukui mzigo. Kisha pampu ya Skou, iliyo upande wa pili wa seli, huitoa sodiamu na kuipeleka kwenye damu, na mteremko hubaki tayari kwa kazi nyingine.

Sodiamu na glukosi zikivuka, maji nayo hufuata. Maji hupita katika tando kutoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka kwenda upande wenye vitu vingi. Mwendo huo huitwa osmosisi. Kwa hiyo utumbo hauna pampu ya maji. Husharabu chumvi na sukari, na maji hujileta yenyewe nyuma yao. Hapa ndipo elimu ya seli inapokutana na kitanda cha mgonjwa.

Kipindupindu huharibu nini?

Vijidudu vya kipindupindu havitoboi utumbo wala haviuli seli zake. Hutoa sumu inayoziamuru seli za utumbo zifungue vinjia vya kloridi na kuviacha wazi. Kloridi humwagika ndani ya utumbo, sodiamu huifuata kwa mvuto wa umeme, na maji hufuata vyote viwili kwa osmosisi. Mgonjwa aliyeshikwa sana huweza kupoteza kiasi cha lita moja kwa saa. Damu yake hupungua na kuwa nzito, mapigo ya moyo hufifia, na asipotibiwa huweza kufa siku ile ile.

Kwa muda mrefu tiba ya kutegemewa ilikuwa kutia maji ya chumvi katika mishipa ya damu. Tiba hiyo ni nzuri, lakini yahitaji sindano, chupa safi na mtu aliyefunzwa, vitu ambavyo mara nyingi havipatikani pale ugonjwa unapozuka. Kumnywesha mgonjwa maji ya chumvi peke yake kulikuwa kumejaribiwa bila mafanikio. Maji yalipita na kutoka.

Lakini mchukuzi wa sodiamu na glukosi haharibiwi na sumu ya kipindupindu. Mlango wa kutoka umefunguliwa kwa nguvu, na mlango wa kuingilia ungali mzima, wangoja tu mizigo yake miwili ifike pamoja. Mwaka 1968, mjini Dhaka, wakati huo Pakistan ya Mashariki, madaktari David Nalin na Richard Cash pamoja na wenzao walionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu walionyweshwa maji yenye glukosi na chumvi walipunguza kwa kiasi kikubwa mahitaji yao ya maji ya mishipani.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1971. Vita vya kuikomboa Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, na kipindupindu kikazuka kambini. Katika mji wa Bangaon, daktari wa watoto Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mishipani. Aliamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji na kuwapa jamaa wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo miongoni mwa wagonjwa, ambavyo vilikuwa vimefikia kiasi cha asilimia 30, vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Mwaka 1978 jarida la tiba la The Lancet liliandika kuwa ugunduzi wa uchukuzi wa pamoja wa sodiamu na glukosi huenda ukawa ndio maendeleo muhimu kuliko yote ya tiba katika karne ile.

Kwa Afrika ya Mashariki habari hii si ya mbali. Wimbi la kipindupindu lililoanza Indonesia mwaka 1961 lilifika Afrika mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata likaingia Kenya na Tanzania. Tangu hapo ugonjwa umezuka mara kwa mara. Tena mchukuzi yule yule hufanya kazi katika maradhi mengine mengi ya kuharisha, yale yanayowashika watoto wadogo kila mwaka.

Kwa nini vipimo ni lazima?

Mtu aliyeelewa miteremko ataelewa pia kwa nini vipimo havikuwekwa kwa kubahatisha. Kanuni iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002 yataka kila lita moja ya maji iwe na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Vipimo hivyo hutoa milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi. Potasiamu ni ya kufidia ile iliyopotea. Paketi zenye mchanganyiko huo hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa, nazo ndizo bora. Pasipo paketi, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Sukari ya kawaida hufaa kwa sababu utumbo huivunja na kupata glukosi. Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo hufaa pia kwa sababu hiyo hiyo, maana wanga wake huachia glukosi kidogo kidogo.

Sukari ikizidi, maji yaliyomo katika utumbo huwa mazito kuliko damu, na osmosisi hugeuka: maji hutoka mwilini kuingia katika utumbo, na kuharisha huongezeka. Soda nyingi za chupa zina kiasi cha gramu 100 za sukari katika lita moja na sodiamu kidogo mno. Kwa hiyo hazifai kuwa dawa ya mtoto anayeharisha. Chumvi ikizidi ni hatari zaidi, kwa sababu huingia katika damu na kuvuta maji kutoka katika seli, zikiwamo za ubongo. Nayo maji matupu hayabebi sodiamu ya kufidia ile iliyopotea, wala hayampi mchukuzi mizigo yake.

Wako wazazi wanaomnyima maji mtoto anayeharisha, wakidhani kuwa akinywa ataharisha zaidi. Ni kweli kwamba mchanganyiko huu haukomeshi kuharisha mara moja. Kazi yake ni kurudisha mwilini maji yanayopotea mpaka ugonjwa upite. Mtoto apewe kidogo kidogo na mara kwa mara, aendelee kunyonya na kula, na apewe pia zinki kama wahudumu wa afya wanavyoelekeza. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyodidimia, au ambaye ngozi yake ikifinywa hurudi polepole, apelekwe hospitali bila kukawia, huku akinyweshwa njiani kama anaweza kumeza.

Jaribio la darasani

Osmosisi yaweza kuonwa bila vyombo vya gharama. Kiazi mbatata kibichi hukatwa vipande vyembamba viwili vyenye urefu wa sentimita 5 kila kimoja. Kipande cha kwanza hutiwa katika bilauri ya maji matupu, na cha pili katika bilauri ya maji yaliyokorogwa na vijiko viwili vya chai vya chumvi. Baada ya saa mbili, wanafunzi hupima urefu wa kila kipande na kujaribu kukipinda. Kilichokaa katika maji matupu huwa kigumu na pengine kirefu kidogo, kwa kuwa maji yameingia katika seli zake. Kilichokaa katika chumvi hulegea, kwa kuwa maji yametoka. Kisha kipande cha tatu, kilichochemshwa kwanza, hutiwa katika maji matupu. Hicho hakikazi hata kikiachwa kutwa nzima, maana moto umeharibu tando za seli, na bila utando mzima hakuna tofauti inayoweza kutunzwa.

Kipande hicho cha tatu chastahili kuzungumzwa darasani. Maji, chumvi na wanga vilivyokuwamo katika kiazi kibichi vingalimo kwa sehemu kubwa katika kiazi kilichochemshwa. Kilichotoweka ni utaratibu wa kuviweka hivi ndani na vile nje. Seli ya mwanadamu ikikosa oksijeni, ATP hukoma, pampu husimama, sodiamu huingia, potasiamu hutoka, na miteremko yote husawazika kama wino uliokwisha kutanda. Tabibu anayewahi kumnywesha mgonjwa chumvi na sukari katika vipimo vyake huirudishia damu ujazo wake, ili oksijeni iendelee kuzifikia seli na pampu zisisimame. Kazi hiyo yaweza kufanywa pia na mama nyumbani, au na mwanafunzi wa sekondari aliyejifunza kupima nusu kijiko cha chumvi na vijiko sita vya sukari.